Matone ya mawese

Dumu la mawese kutoka Ujiji limefika juzi, limevuja njiani kama kawaida yake, na nyumba nzima inanukia jiko la Bibi. Mke wangu kafungua madirisha. Mimi nimekumbuka risasi-186, kiini cha atomu ya madini ya risasi.

Ilikuwa likizo, 2009. Nimekwenda Ujiji na tasnifu ya uzamili ndani ya kompyuta ambayo betri yake ilishakufa. Umeme ukikatika, hesabu nazo zinakatika. Kazi yenyewe: unaipa programu idadi ya protoni na neutroni, chembe zinazounda kiini, halafu unakibonyeza kiini hicho, unakirefusha, ukiangalia nishati inavyopanda na kushuka. Penye bonde, hapo kiini hutulia. Risasi ina protoni 82, idadi inayopenda duara. Risasi-208, yenye neutroni 126, ni tufe hasa. Kwa hiyo nilitegemea bonde moja. Nilipofika neutroni 104, yaani risasi-186, yakatoka matatu: tufe, bapa, refu. Nikasema hapa nimekosea. Wiki mbili nzima nikasaka kosa.

Jioni moja umeme ukaenda tena. Bibi akaweka bakuli la mgebuka kando ya kibatari.

"Mume wangu, njoo ule. Hiyo mashine nayo ipumzike."

Mchuzi ulikuwa umetapakaa matone mekundu ya mawese. Nikaligusa moja kwa ncha ya kijiko: likarefuka kama punje ya mchele, likatetemeka, likarudi duara. Jingine lilikuwa limebanwa kati ya mwiba na ukingo wa bakuli, limelala refu hivyo hivyo, halina habari na mtu.

"Unachezea chakula?"

Nikamweleza kwamba kiini cha atomu kina tabia kama za tone, nami natafuta umbo lake. Bibi akainua kibatari, akainama juu ya bakuli mpaka mvuke ukamgusa kidevu. Akatazama weee.

"Lipi sasa? Mbona yako mengi?"

"Ni moja tu, Bibi."

"Haya. Kula, samaki anapoa."

Natamani niandike kwamba hapo ndipo nilipozinduka. Wapi! Umeme uliporudi nikaendelea kuichokonoa programu mpaka mabonde mawili yakafutika, nikalala usingizi mtamu kabisa.

Dar, msimamizi wangu akautazama ule mchoro wa bonde moja, akafungua droo, akanisukumia makala ya jarida la Nature ya mwaka 2000: Andreyev na wenzake, waliopima risasi-186 kule Darmstadt, Ujerumani. Maumbo matatu ndani ya kiini kimoja, na kutoka la chini hadi la juu nishati haipishani hata kiloelektronivolti 700.

"Rudia," akasema.

Likizo iliyofuata nilikwenda Ujiji nimejiandaa kumwambia Bibi kwamba kweli yalikuwa mengi. Sijashusha hata begi, akaniuliza naoa lini.