Tafakari ya wiki: Abimeleki alipochungulia dirishani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii fungueni Mwanzo 26, na msikimbilie kule kwenye visima ambako wahubiri wengi wanapenda kukaa, anzieni juu, mstari wa kwanza mpaka wa kumi na moja, mlio kwenye ndoa someni wawili wawili, ambaye bado asome tu akiba haiozi.

Habari mnaijua. Nchi ina njaa, Isaka kahamia Gerari kwa Wafilisti, anaogopa wasije wakamuua wamchukue mkewe maana Rebeka alikuwa mzuri wa sura, basi anawaambia watu huyu ni dada yangu, uongo ule ule wa baba yake Ibrahimu. Na watu wanaukubali. Wanakaa pale siku nyingi tu hakuna anayeshtuka. Alafu siku moja mfalme Abimeleki anachungulia dirishani anamwona Isaka anacheza na Rebeka, na papo hapo anajua huyu si dada yake. Hakuna mtu aliyemnong'oneza wala hajaonyeshwa cheti cha ndoa. Kawaona wanacheza, yakaisha.

Sasa jiulize huyo mfalme akichungulia dirisha la kwako pale Uyole au Makambako au Mafinga ataona nini. Mi naona ataona watu wawili wanapishana mlangoni, mmoja anauliza ada umelipa, mwingine anajibu gesi imeisha, huyu anatoka kikao cha usharika yule anaingia kutoka kwaya, usiku mmoja anahesabu hela za viazi mwenzie ameshalala na kitenge kichwani. Atasema hawa ni kaka na dada wameachiwa duka na baba yao wanaliendesha vizuri sana! Na hatudanganyi kama Isaka, hatujamwambia mtu yeyote kwamba ni dada yangu, tumefika hapo wenyewe kwa kazi.

Nayasema haya kwa sababu mimi na mzee wangu tumetoka Zanzibar juzi juzi. Watoto walituchangia, na mzee mwanzo alikataa kabisa, nani atasimama na wapakiaji, wale ukiwaacha peke yao wanajaza lumbesa mpaka gunia linakuwa na kichwa, na mimi nikasema basi viazi vitaliwa tu hata usipokuwepo. Tukapanda basi, tukalala Dar, asubuhi boti. Mzee alibeba koti. Mwezi wa saba Unguja kuna upepo wa kusi, si lile joto la Desemba, lakini kwa mtu wa Uyole anayelala na blanketi mbili lile koti lilikaa kwenye begi mpaka tunarudi.

Nitawasimulia siku moja tu, ile ambayo hatukuwa na ratiba yoyote. Tulikuwa Jambiani, upande wa mashariki. Adhana ya alfajiri iliniamsha nikasali zangu kitandani taratibu, asubuhi tukaletewa chai ya viungo na mkate wa kumimina, mzee akaila mikate yote kisha akasema chai nzuri ila majani yenyewe hayafikii ya Rungwe (huyu mtu hata mbinguni atauliza chai imetoka wapi). Tukaenda kulala chini ya kibanda cha makuti mbele ya bahari. Maji yalikuwa hapo miguuni, ya bluu, yanapiga. Mzee akasinzia. Alipoamka bahari haipo. Namaanisha haipo kweli, mchanga mtupu na mawe na majani mpaka mbali kule kwenye mwamba ndo unaona mstari mweupe wa mawimbi, na mzee wangu aliyekulia Tukuyu na anayeijua Kyela vizuri akakaa wima akaniuliza maji yamekwenda wapi, maana Ziwa Nyasa halina tabia hiyo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Tukaingia huko huko kwenye mchanga kutembea. Simu yake ilikuwa inalia, mnunuzi, dereva, mnunuzi tena, nikaichukua nikaizima nikaiweka kwenye pochi yangu na yeye akaniangalia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi, ila hakuidai. Wanawake walikuwa wamejaa huko wameinama, ndo mashamba yao ya mwani. Wanachomeka vijiti kwenye mchanga wanafunga kamba kutoka kijiti hiki mpaka kile na kwenye kamba wananing'iniza vishada vya mwani kimoja kimoja, ukikua wanavuna wanakausha wanauza. Kilimo hiki kilianza pande hizo za Paje na Jambiani mwaka 1989 na wanaokifanya wengi ni akina mama.

Basi hapo hapo kaa mdogo akatoka kwenye shimo akampitia mzee kwenye mguu. Mzee akaruka! Mtu mwenye mvi, mzee wa kanisa, akaruka akanishika bega na mimi nikamsukuma kwenye dimbwi, akalowa suruali, akanifukuza. Tulikimbizana kama watoto wa shule. Kusimama tukakuta mama mmoja kainuka kutoka kwenye kamba zake, mkono kiunoni, anatuangalia, akauliza, "Fungate hii?" Mzee akajibu kwa haraka "Ndiyo mama," wale wanawake wote wakaangua kicheko, mmoja akasema haya maharusi na mvi zenu hongereni.

Hapo ndo Abimeleki akanijia. Mtu asiyetujua kabisa, dini tofauti, mji tofauti, katuangalia dakika mbili tu akajua. Na kwetu kuna watu tunasali nao benchi moja mwaka mzima ambao sidhani kama waliwahi kuona kitu chochote kati yetu zaidi ya kupeana funguo za gari.

Tukakaa kuongea na yule mama. Mzee akawa anamuuliza habari za kazi, si unajua mkulima akimwona mkulima. Akasema wao wanafanya kazi maji yakipwa, yakianza kujaa wanatoka, hakuna mjadala, hata kama kamba hujamaliza. Maji yanachukua kama masaa sita kupwa na mengine sita kujaa, na kila siku yanachelewa karibu dakika hamsini, kwa hiyo leo mtaingia shambani asubuhi, wiki ijayo mchana, bahari ndo inapanga. Wakati wa bamvua maji yanatoka mbali sana wanapata kazi nyingi, maji mafu yakifika hayatoki sana basi kazi ya shamba inapungua wanafanya mengine nyumbani. Na si kwamba kazi ni rahisi, mgongo unauma, chumvi inakula mikono, na maji siku hizi yana joto yanaua ule mwani wenye bei nzuri. Mzee akasikiliza yote, akashukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga fijo", yule mama akacheka hajaelewa kitu. Tulivyokuwa tunarudi akaniambia, "Mama, sisi Uyole hatuna kitu cha kutufukuza shambani."

Nimelibeba hilo neno mpaka leo. Ni kweli, udongo wetu wa Mbeya hauna saa ya kufunga. Ukiwa na mwezi unaweza kupakia viazi usiku kucha na watu wanapakia. Nadhani ndo maana Mungu hakuiacha Sabato iwe ushauri, akaiweka kwenye amri kumi pamoja na usiue na usiibe, na akataja mpaka mnyama na mgeni aliye ndani ya malango yako, maana alijua tusipofukuzwa hatutoki. Na sisi tumeigeuza hata hiyo siku yenyewe, Jumapili ibada ya kwanza, ibada ya pili, kikao cha wazee, kikao cha harusi ya mtoto wa fulani, jioni tunarudi tumechoka kuliko Jumamosi. Naombeni msinielewe vibaya, vikao ninavipenda na mimi ni katibu wa viwili. Ila harusi moja tunaikalia vikao miezi mitatu, michango, kamati ya chakula, kamati ya mapambo, alafu wale maharusi wakishaoana hakuna kamati yoyote inayowauliza mnapumzika lini. Wakati Kumbukumbu la Torati 24:5 sheria yenyewe inasema mwanaume aliyeoa mke mpya asiende vitani wala asibebeshwe shughuli, akae nyumbani mwaka mmoja amfurahishe mkewe. Mwaka! Taifa zima lina vita na Mungu anamwambia huyu mmoja wewe kaa, furahisha.

Jioni tulikula samaki, mzee pweza alimkataa kwa sababu ya ile miguu. Alafu akaanza kunisimulia, bila mimi kuuliza, jinsi alivyonusurika kuchukuliwa na maji ya Mto Kiwira akiwa mdogo, kaka yake alivyomvuta kwa shati, na kwamba ndo sababu hajawahi kupenda maji ya kina. Miaka yote hii nimezaa naye watoto wamekua wakubwa sikuwahi kuisikia. Sijui ningeisikia lini kama simu ingekuwa imewashwa.

Turudi kwa Isaka. Kuna wengine watasema hizo starehe ni za wenye hela, haya, Isaka alicheza na mkewe wakati wa njaa, ugenini, na roho ya hofu juu. Hakungoja mambo yakae sawa. Ni kweli mstari wa 12 unasema alipanda akavuna mara mia mwaka ule ule, ila sisemi ukicheza na mkeo viazi vitajaa ghalani, hiyo hesabu wala haimo pale tusiitafute. Kitu kinachonitisha mimi ni sura inayofuata. Geuza ukurasa, Mwanzo 27, watu wale wale wamezeeka, na Rebeka anasikiliza mume wake anavyoongea na Esau, kisha anaenda kupanga na Yakobo namna ya kumdanganya mzee asiyeona. Kila mmoja ana mtoto wake. Neno ambalo Biblia inaliandika Rebeka akimwambia mumewe kwenye sura ile liko mwishoni kabisa, na ni kulalamika kwamba amechoka na maisha kwa sababu ya wakwe. Wale waliokuwa wanacheza chini ya dirisha la mfalme! Biblia haisemi ilikuwaje katikati, na mimi sitaongeza. Ila nimemwonyesha mzee, akasoma mara mbili, akafunga Biblia akasema kumbe.

Kwa hiyo wapendwa Zanzibar si lazima. Kuna Matema hapo chini Kyela na mchanga upo, kuna Kitulo ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, nendeni mvua zikishaanza muyakute maua, kuna Ziwa Ngozi kama magoti bado yanapanda. Na asiye na nauli hata ya Tukuyu kuna kibaraza. Simu ndo iende kwenye pochi, hilo sina punguzo.

Tuombe. Bwana, wakumbuke ndugu zetu ambao mume yuko machimboni Chunya na mke yuko Mbeya na wanaonana mwisho wa mwezi, uwape hata hizo siku mbili zisiishie kwenye madeni na kesi za watoto. Wakumbuke wajane wetu ambao wakisoma haya wanaumia, ukae nao wewe mwenyewe. Na wale walio nyumba moja hawajacheka pamoja tangu mwaka uanze, Bwana, wafukuze shambani. Amina.

Alhamisi jumuiya ni kwa mama mwenyekiti saa kumi jioni, njooni na Biblia, tutamalizia sura ya 27.