Nilivyotafuta Kituo cha Kunipokea Nikiwa na Kovu la Upasuaji

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji kwa sababu alikuwa ametanguliza matako. Miaka mitatu baadaye, nikiwa na mimba ya pili ya wiki 20, nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nikijaliwa nitajifungua kwa njia ya kawaida, tena katika kituo kinachoendeshwa na wakunga. Kilichonisumbua ni kupata kituo kitakachokubali kumpokea mwanamke mwenye kovu.

Kituo cha kwanza kilinikatalia kwa simu mara tu nilipotaja upasuaji. Iliniuma, lakini hasira ilipungua niliposoma utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wanawake wa hali yangu waliochagua vituo vya uzazi. Kati ya 1,453 waliofika vituoni wakiwa na uchungu, asilimia 87 walijifungua kwa njia ya kawaida, asilimia 24 walihamishiwa hospitalini kabla ya kujifungua, na sita walichanika mfuko wa uzazi. Watafiti walishauri wenye kovu wapelekwe hospitalini, na papo hapo wakazitaka hospitali ziwafungulie milango wanawake hao. Nusu hiyo ya pili ya ushauri, kwa maoni yangu, ndiyo husahaulika.

Kituo cha pili kilinikubali siku hiyo hiyo, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Hakuna aliyeuliza kovu langu ni la aina gani, wala nilishonwa lini. Nilipotaka kujua ingechukua dakika ngapi kunifikisha kwenye chumba cha upasuaji, niliambiwa nisiwaze mabaya. Sikurudi tena.

Kituo cha tatu kilikuwa ndani ya uwanja wa hospitali, kikitenganishwa na chumba cha upasuaji kwa ukumbi mmoja tu. Mkunga aliyenipokea hakunipa jibu lolote kwanza. “Mama, niletee taarifa ya upasuaji wako, kisha tutazungumza,” alisema. Nilimwonyesha kovu tumboni, lililolala vizuri juu ya kinena, naye akanieleza kwamba kovu la ngozi halisemi mfuko wa uzazi ulikatwa vipi, kwa kuwa ngozi inaweza kukatwa mlalo na mfuko ukakatwa wima. Mkato wa wima uliopanda hadi sehemu ya juu ya mfuko ndio wenye hatari kubwa ya kuchanika wakati wa uchungu, na kama wangu ungekuwa huo, mazungumzo yangeishia hapo.

Kuipata taarifa hiyo kulinigharimu safari mbili na barua moja yenye sahihi yangu, kwa sababu karani wa kumbukumbu aliona ajabu mgonjwa kudai karatasi zake mwenyewe. Ilisema nilikatwa mlalo, sehemu ya chini. Daktari wa uzazi aliisoma, akapima kwa mashine ya picha kuhakikisha kondo la nyuma halikukaa juu ya kovu, kisha akaniambia kwamba kwa mwenye kovu moja kama langu mfuko huchanika kwa takribani mmoja katika kila 200 wanaojaribu, na kwamba kati ya wanawake 10 wanaojaribu, saba hivi hufanikiwa.

Masharti tuliyaandika kwenye kadi yangu. Uchungu uanze wenyewe, kwa sababu dawa za kuuanzisha huongeza hatari ya kovu kuachia. Nikifika niwekewe sindano ya mshipani mapema na damu yangu iwe imepimwa kundi. Mapigo ya moyo wa mtoto yakibadilika, au nikisikia maumivu yasiyokatika kati ya uchungu mmoja na mwingine, nihamishwe bila mjadala. Mume wangu aliona masharti hayo ni mengi mno. Mimi ndiyo yaliyonipa usingizi.

Uchungu ulianza usiku, wiki ya 40. Kwa saa saba nilitembea, nilioga maji ya moto na kuegemea ukuta, huku mkunga akisikiliza moyo wa mtoto kila dakika 15. Njia ilipofunguka sentimita saba, mapigo yalishuka mara mbili mfululizo. Mkunga hakupaza sauti. Alisema tu, “Tunavuka,” na dakika chache baadaye nilikuwa upande wa pili wa ukumbi, nimefungwa mashine inayofuatilia mapigo bila kukoma, na chumba cha upasuaji kikiwa kimetayarishwa. Mapigo yalitulia. Tulisubiri, na baada ya saa mbili hivi binti yangu alizaliwa kwa njia ya kawaida, mikononi mwa mkunga yule yule aliyevuka nami.

Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani niliomba nakala ya taarifa ya uzazi huu, nikaiweka katika bahasha moja na ile ya upasuaji. Safari hii karani hakuuliza ni ya nini.