Kikaratasi Kilichobaki Ndani ya Boksi

Mama yangu mkubwa, anayeishi Shela hapa Malindi, anaumwa na magoti kwa miaka mingi, na kila mwisho wa mwezi hunituma nikamnunulie vidonge. Muuza dawa hukata vidonge kumi kwa mkasi, huvitia ndani ya bahasha ya khaki na kuandika juu yake "1x2", na kile kikaratasi cha maelezo kilichotoka kiwandani hubaki ndani ya boksi. Wiki iliyopita aliigeuzageuza ile bahasha, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hivi hao waliovitengeneza wanajua nini ambacho mimi sikuambiwa?"

Sikuthubutu kumjibu kwamba ana wasiwasi wa bure. Vioxx, dawa ya kampuni ya Merck ya Marekani, nayo ilikuwa ya maumivu ya viungo, na iliruhusiwa kuuzwa mwaka 1999. Ripoti ya utafiti mkubwa iliyochapishwa mwaka 2000 iliacha nje visa vitatu vya mshtuko wa moyo miongoni mwa waliotumia dawa hiyo. Jarida lililoichapisha lilikuja kulieleza jambo hilo hadharani mwishoni mwa 2005, wakati dawa yenyewe ilikuwa imekwisha kuondolewa sokoni tangu Septemba 2004 kwa sababu ya hatari hiyo hiyo ya moyo. Mwaka 2007 Merck ilikubali kulipa dola bilioni 4.85 ili kumaliza maelfu ya kesi, bila ya kukiri kosa. Kila dawa ina madhara yake, na wazee wetu wamelijua hilo tangu enzi za mitishamba. Uchungu uko katika ile miaka ambayo mgonjwa aliendelea kumeza bila ya kujua.

Tena mambo haya si ya Marekani peke yake. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyotengenezwa na GlaxoSmithKline, ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7, na Kilifi, kaunti yetu hii, ilikuwa kimojawapo. Matokeo yalichapishwa waziwazi, na nawashukuru watafiti kwa hilo: chanjo ilipunguza malaria, lakini homa ya uti wa mgongo na malaria ya ubongo zilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na vifo vilikuwa vingi zaidi kwa wasichana waliochanjwa kuliko wasichana wenzao ambao hawakupewa chanjo hiyo. Ilipoanza kutolewa kwa majaribio mwaka 2019 Ghana, Malawi na magharibi mwa Kenya, Peter Doshi, mhariri katika jarida la tiba la BMJ, alihoji mwaka uliofuata kwa nini wazazi hawakuelezwa hatari hizo. Shirika la Afya Duniani lilijibu kwamba mzazi aliyeelimishwa juu ya chanjo, kisha akamleta mtoto, amehesabiwa kuwa ameridhia.

Majaribio hayo hatimaye hayakuthibitisha hofu hizo, na Oktoba 2021 chanjo ikapendekezwa rasmi. Nimelifurahia hilo kwa moyo mweupe, kwa kuwa malaria imetuzikia watoto wengi mno. Hata hivyo nashindwa kukubali kwamba yale ambayo daktari wa London aliweza kuyasoma, mama aliyembeba mwanawe mgongoni hakupaswa kuyasikia.

Viongozi hutuambia tusisikilize uvumi. Mimi naona uvumi huingia pale maelezo yalipokosekana. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo mikononi mwa wengine pale zinapohitajika kulinda haki zetu, na sheria ya mwaka 2016 imezipa ofisi za umma siku 21 za kujibu ombi. Lakini mzee mwenye magoti mabovu hawezi kuandikia ofisi ya Nairobi barua kabla ya kila kidonge. Maelezo yanapaswa kumfikia pamoja na dawa, tena kwa Kiswahili.

Nilirudi dukani nikakiomba kile kikaratasi, na muuza dawa akanipa bila ya ubishi. Kilikuwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama chawa. Nilimsomea mama mstari kwa mstari, nikifasiri, mpaka tulipofika kwenye onyo kuhusu wenye presha. Aliniambia nirudie. Kisha alikikunja, akakifunga kwenye pindo la leso yake, na asubuhi akaniomba nimpeleke kwa daktari.