Nane Nane kwenye foleni ya Seronera

Wazo lilikuwa la shemeji, na alilileta likiwa limeshaiva. Nane Nane ya mwaka 2022 iliangukia Jumatatu, kwa hiyo Jumamosi hadi Jumatatu tukalale kwenye mahema Serengeti, tena tupande mpaka Kogatende tukawaone nyumbu wakivuka Mto Mara. Alikuwa ameona video. Mwezi ule kila mtu alikuwa ameona video.

Baba Mdogo alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha. Ujana wake wote aliumalizia kwenye usukani, akiendesha watalii kutoka Arusha, na baada ya kustaafu akahamia kwetu Mwanza, anafuga kuku Nyakato. Ukimtajia mbuga anakaa wima.

"Agosti," alisema. "Mmeichagua wenyewe, au kuna aliyewalazimisha?"

Akamweleza shemeji taratibu, maana ni mkwe. Julai hadi Septemba nyumbu wako kaskazini, na ndio wakati Wazungu wengi wana likizo, basi mnyama na mgeni wanakutana sehemu moja. Pale Kogatende magari yanajipanga ukingoni, nyumbu naye anaweza kusimama juu ya maji nusu siku nzima, kisha akageuka akarudi kula majani. "Nyie mna siku mbili. Mkizitumia kumbembeleza nyumbu, hamtaona kingine." Kogatende ikafutwa. Shemeji alinuna, dada akasema tumwache, njaa ikimshika ataongea.

Jioni ile Baba Mdogo aliomba daftari. Nilidhani ataandika orodha ya vitu vya kubeba. Akachora mistari ya saa, kama ratiba ya vipindi, na juu yake akaandika LANGO. Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa. Sisi wote tulikuwa tunawapangia simba na chui. Yeye alikuwa anawapangia watu: wanaingia saa ngapi, wanakula saa ngapi, wanatoka saa ngapi.

Kibali cha Serengeti kilikuwa cha saa 24, na saa zilihesabiwa tangu unapoingia. Mtu mzima, raia wa Afrika Mashariki, alikuwa analipa shilingi 11,800 kodi ikiwa ndani. Shemeji alitaka tuondoke Mwanza alfajiri ili saa moja asubuhi tuwe lango la Ndabaka. Baba Mdogo akamuuliza, "Na Jumatatu saa moja asubuhi utakuwa umetoka? Kutoka Seronera, katikati ya hifadhi mtakakolala, mpaka Ndabaka ni kilomita 140 na ushee, mwendo wa mwisho ni 50 kwa saa. Utaamka saa nane usiku uendeshe gizani, kitu ambacho hairuhusiwi, au utalipia siku ya tatu familia nzima." Tuingie saa sita mchana, alisema. Saa sita kwa saa sita.

Tatizo ni kwamba kambi za umma pale Seronera, Pimbi, Nyani, Dikdik na Nguchiro, anayewahi ndiye anayechagua pa kusimika hema, na Agosti zinajaa. Tukiingia saa sita tutafika saa kumi au kumi na moja jioni, si tutakuta watu wameshabanana? Nilimuuliza hivyo, akafurahi kweli, nadhani alikuwa anamsubiri mtu aulize. Akachora upande wa pili wa daftari. Magari ya Arusha yanalala Karatu au Ngorongoro, yanafika lango la Naabi kuelekea adhuhuri, wageni wanakula chakula cha boksi palepale, halafu wanatalii mpaka jua linazama. Lakini gari la wapishi linawahi mbele. Wapishi ndio wanaosimika mahema, wao ndio wa kushindana nao, wala si wageni. "Na mpishi hataki kulala katikati ya uwanja. Mgeni anapenda pembeni, apige picha jua likichwa. Katikati patabaki. Na sisi katikati ndiko tunakokutaka."

Kambi zile hazina uzio. Fisi wanapita, nyati wanapita, tembo akiamua anapita. Kwa Baba Mdogo, hema la kila jirani lilikuwa ukuta.

Maandalizi mengine yalikwenda haraka. Mtungi mdogo wa gesi, turubai, magodoro mawili, Prado ya rafiki yake shemeji, vitambulisho vya NIDA, na hela kwenye simu kwa sababu langoni hawapokei taslimu. Dada akashona mifuko ya khanga ya kubebea vyakula, maana ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Ugomvi ulikuwa kwenye nguo tu. Baba Mdogo alimvua binamu yangu jezi yake ya bluu palepale mlangoni, gari likinguruma. Njia ya Ndabaka ina mbung'o, na mbung'o anapenda bluu na nyeusi, ndiyo maana hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Binamu alibadilisha jezi, akabaki na jinsi ya bluu. Hakuna aliyeiona mpaka tulipofika vichaka vya Kirawira, ambako mbung'o walimtoboa mapaja juu ya kitambaa. Ukimpiga kofi anaanguka, anajikung'uta, anarudi. "Usimpige, msage!" Baba Mdogo alikuwa anapiga kelele kutoka kiti cha mbele, huku naye akisaga wake kwenye kioo kwa kidole gumba.

Seronera tulifika kama saa kumi na nusu. Kambi yetu ilikuwa imefunikwa na mahema pembezoni mwote, yale ya kijani yanayofanana, na katikati palikuwa na nafasi ya kutosha mahema yetu mawili. Shemeji aliangalia, akacheka peke yake, akaanza kupiga vigingi.

Jikoni ndiko nilikoiona foleni ya Agosti kwa macho. Ni banda lenye wavu wa chuma kila upande na mlango wa komeo, watu ndani, wanyama nje. Wapishi walikuwa wamebanana bega kwa bega, kila kampuni na majiko yake ya gesi, mmoja anakaanga viazi, mwingine anakoroga supu ya maboga, mvuke mpaka juu ya bati. Tuliingia na sufuria ya ugali na dagaa wa Mwanza. Ikawa kimya kidogo. Kisha mpishi mmoja mtu mzima akasogeza masinia yake.

"Shikamoo mzee. Hao dagaa mmewatoa wapi?"

"Marahaba. Kirumba, asubuhi hii."

Nusu ya dagaa iliondoka pale pale, tukarudishiwa supu, mkate wa moto na matunda yaliyokatwa kwa urembo wa hotelini. Lakini Baba Mdogo alikuwa anafanya biashara nyingine. Alizunguka kwa kila jiko akiuliza jambo moja, kwa upole, kama mtu anayepitisha muda: kesho wageni wako chai saa ngapi? Huyu saa kumi na moja na nusu. Yule saa kumi na mbili. Wale wa pembeni wanaondoka kabisa kesho, lazima wawe Naabi kabla ya saa sita, kibali chao kinaisha.

Kwa hiyo Jumapili tuliamshwa saa kumi alfajiri, tukaoga kabla ya foleni ya bafu na zile taa za vichwani, halafu, wakati magari yote yanatoka kwa vumbi, sisi tulikaa tukinywa chai. Shemeji alikuwa anatetemeka kwa hasira. Saa nne tukatoka. Kwenye bonde la Mto Seronera tulipishana na msururu wa magari yakirudi, yenye mizigo yakielekea kusini. Juu ya mgunga kulikuwa na chui. Chini yake kulikuwa na alama za matairi zilizokatana kila upande, na gari moja tu. Dereva wake alitusogezea nafasi bila kuombwa. Chui alikuwa amening'iniza mguu mmoja wa nyuma, tumbo linapanda na kushuka, nzi wamejaa kwenye jicho. Tulikaa naye mpaka dada akadai chakula.

Jumatatu tulitoka kambini saa moja, tukafika Ndabaka saa sita kasorobo. Askari wa langoni aliangalia kibali, akaangalia saa ya ukutani, akatuangalia sisi.

"Mmepiga hesabu nyie," alisema.

Kwenye mgahawa wa Lamadi, samaki wakiwa bado hawajaletwa, shemeji alifungua simu akamwonyesha Baba Mdogo video nyingine: Ndutu, Februari, nyumbu wakizaa. Mzee akavaa miwani, akaitazama yote.

"Ndutu unapita Ngorongoro," alisema. "Huko kuna kibali kingine. Lete daftari."