Waarmenia wa ughaibuni wanapofika Moshi na Arusha

Orodha ya wageni ikisomeka Krikor, Hagop na Bedros, na majina ya ukoo yakiishia kwa -ian, usitume haraka salamu za Yerevan, mji mkuu wa Armenia. Hao mara nyingi ni watoto na wajukuu wa Beirut, Aleppo, Marseille au Buenos Aires. Ikisomeka Grigor, Hakob na Petros, na mwisho wake -yan, huenda ndio wametoka Armenia yenyewe au Urusi. Majina ni yale yale, na yanaandikwa kwa alfabeti ile ile aliyoiunda Mesrop Mashtots mwaka 405. Kinachotofautiana ni matamshi: herufi ambayo Kiarmenia cha Mashariki, cha hao wa Armenia na Urusi, huisoma g, cha Magharibi, cha hao wa Beirut na wenzao, huisoma k, na kinyume chake, t na d hubadilishana, p na b vilevile. Waarmenia wa Iran ndio huwachanganya watu, kwa sababu huandika -ian huku wakizungumza cha Mashariki.

Hili lina madhara ofisini. Ukimtafuta Petros kwenye kompyuta hutampata Bedros, na jina uliloandika kwa kusikia simuni halitalingana na pasipoti pale geti la Marangu au Machame. Nakili kutoka pasipoti, herufi kwa herufi, hata kama ndugu wawili wa baba mmoja wameandikwa tofauti. Hutokea.

Kibao cha kuwapokea KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kiandikwe kwa herufi zao: Բարի գալուստ, yaani karibuni. Uzuri wake ni kwamba wote huandika hivyo hivyo. Wa Mashariki atasoma «bari galust», wa Magharibi «pari kalusd», na kila mmoja ataona umemwandikia yeye. Ukiandika kwa herufi zetu, tayari umechagua upande. Tatizo huwa kwenye duka la kuchapisha: kompyuta isiyo na fonti ya Kiarmenia hutoa vijisanduku vitupu. Fonti ya Sylfaen inazo herufi hizo. Andika kwako, hifadhi kama picha au PDF, kisha peleka kuchapa. Kabla hujalipa, hesabu herufi: nne neno la kwanza, saba la pili.

Kusalimia, «barev» kwa wa Mashariki, «parev» kwa wa Magharibi. Kwa mzee ongeza «dzez», au «tsez» kwa wa Magharibi, ambalo ni heshima, maana hawasalimii mkubwa kama rika, jambo ambalo sisi wa shikamoo hatuhitaji kufundishwa. Mtu wa Yerevan akikushukuru kwa kusema «mersi», hajabadili lugha. Neno hilo la Kifaransa ndilo la kila siku kwao. Na mpagazi akijikwaa, mama mmoja kwenye kundi akasema «tsavt tanem», maana yake ni «niyachukue maumivu yako». Ni pole iliyokwenda mbali kuliko yetu, na inastahili kuitikiwa kwa uzito huo.

Mlima utafungua mazungumzo wenyewe. Kilimanjaro inavyoonekana kutoka Moshi asubuhi isiyo na mawingu ndivyo Ararat, ambayo pia huiita Masis, inavyoonekana kutoka Yerevan: kilele cha theluji juu ya mji. Una mita 5,137, umo kwenye nembo ya taifa la Armenia, lakini uko Uturuki, na mpaka wa nchi hizo mbili ulifungwa mwaka 1993. Kwa hiyo usiwatanie kwamba wa kwetu ni mrefu zaidi. Waulize wanauonaje wao.

Swali la kuepuka ni «kwa nini hamrudi kwenu?». Kwa wengi wanaozungumza Kiarmenia cha Magharibi, kwao palikuwa Kharpert, Van, Sivas au Marash, miji iliyo Uturuki leo, ambako wazee wao waliuawa au walifukuzwa kuanzia mwaka 1915. Uliza hivi: «Wazee wenu walitoka mji gani?» Kisha nyamaza usikilize. Tarehe 24 Aprili ni siku yao ya kumbukumbu. Usipange sherehe ya kuagana jioni hiyo. Arusha ina lake la kusema hapa. Raphael Lemkin, aliyeunda mwaka 1944 neno tunaloliita mauaji ya kimbari, alianza kulifikiria akisoma yaliyowapata Waarmenia. Na hukumu ya kwanza ya kosa hilo katika mahakama ya kimataifa ilitolewa hapa Arusha, tarehe 2 Septemba 1998, dhidi ya Jean-Paul Akayesu wa Rwanda. Mgeni akitaka kuliona jengo la AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa, ambako mahakama hiyo ilikuwa, mtengee muda. Si kituo cha kupitia tu ukielekea Ngorongoro.

Jikoni: Kanisa la Kitume la Armenia husherehekea Krismasi tarehe 6 Januari, na anayefunga Kwaresima hali nyama, mayai wala maziwa. Makande na mchicha wa nazi vinatosha kabisa.

Kahawa ndiyo inayoharibiwa zaidi. Wao huiita surj. Chukua arabika ya Kilimanjaro iliyokaangwa wastani, isagwe laini kama unga wa ngano. Iliyosagwa kwa chujio itabaki chenga mdomoni. Kwa kila kikombe kidogo, kile kile cha kahawa ya mtaani, weka kikombe kimoja cha maji baridi na kijiko cha chai kimoja cha kahawa kilichojaa. Sukari iingie mwanzoni, kwani ukikoroga baadaye unaamsha machicha. Moto uwe mdogo. Povu likipanda hadi ukingoni, epua. Ikitokota, povu limekufa na ladha imeungua. Gawa povu kidogo kidogo kwenye vikombe vyote kwanza, ndipo umimine. Na mtu akimaliza akakipindua kikombe kwenye kisahani, usikiondoe mezani: wanasubiri machicha yakauke wayasome kutabiri bahati.