Fundo la kanga

Jamani, nimerudi Mwanza sasa hivi, hata viatu sijavua.

Asubuhi nilimsindikiza mama Sengerema kumwona mama mkubwa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi, lile la juu ya Ziwa Victoria, lifunguliwe Juni 2025 alikuwa hajapita. Yeye anaijua Kigongo ya pantoni: unashuka kwenye basi, unapanga foleni juani, unamaliza hindi la kuchoma na zamu yako bado. Msiba wa babu tulichelewa hivyo hivyo.

Basi tunakaribia Kigongo, namwona anafungua fundo la kanga. Katoa sarafu mbili, kazibana kiganjani.

"Mama, za nini hizo?"

"Nauli ya kivuko. Wewe huna chenji, nakujua."

Nikamwonyesha dirishani. Tulishaingia darajani! Kilomita 3 hivi, dakika chache tu, Busisi hii hapa.

Hakusema kitu. Aligeuka akatazama kule chini pantoni zilikokuwa zikiegesha, sarafu bado mkononi. Alizifunga tena tulipofika stendi Sengerema.

(Mimi nawawaza wale kina mama wa mahindi. Wamehamia wapi?)

Nyie mliovuka na wazazi wenu, walisemaje?