Kumbukumbu ya mradi: mchubuko wa utumbo kwenye sahani, awamu ya pili

Swali la mradi ni moja: utando wa utumbo ukichubuka, pengo huzibwa kwanza na seli zilizopo au na seli mpya? Jibu linaamua dawa inayotafutwa ifanye kazi gani, kwa hiyo awamu hii imerudiwa kwa uangalifu zaidi.

Siku ya 1. Sahani ya plastiki ya maabara yenye visima 6, seli za IEC-6 (zilitolewa kwenye kripti, yaani vishimo vya ukuta wa utumbo mwembamba wa panya), 500,000 kwa kisima, katika mililita 2 za DMEM (kimiminika cha kulishia seli) yenye seramu (majimaji ya damu yasiyo na chembe) asilimia 10 na yuniti 0.1 za insulini kwa mililita. Inkubeta nyuzi 37, kaboni dioksidi asilimia 5. Kabla ya kupanda seli, chini ya kila kisima ichorwe mistari mitatu kwa kalamu ya wino usiofutika. Bila mistari hiyo picha ya saa 12 haitapigwa mahali pale pale pa saa 0, na vipimo vyote vitakuwa bure.

Siku ya 3. Seli zimegusana kila upande. Hapa ndipo awamu ya kwanza ilipoharibika: ziliachwa siku moja zaidi zikabanana mno, na ncha ya pipeti ya kuchubulia ilipopita, utando ukabanduka vipande vizima badala ya kuacha mfereji.

Visima 3 vimepewa mitomaisini C, mikrogramu 10 kwa mililita, kwa saa 2, kisha vikaoshwa mara tatu. Dawa hii huzuia seli kugawanyika lakini haizizuii kutembea, na ndiyo inayotenganisha mambo mawili tunayoyatafuta. Ni sumu: glavu muda wote, na maji ya kuoshea yaende kwenye chombo chake cha taka.

Kuchubua: ncha ya pipeti ya mikrolita 200, isimame wima, ivutwe mara moja tu kukata ile mistari mitatu. Ukikandamiza, plastiki inapata mkwaruzo na seli hukwama ukingoni mwake. Kisima kioshwe mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi yasiyodhuru seli) iliyopashwa moto, imiminwe ukutani mwa kisima taratibu. Seli zilizong'oka zisipoondoka hujishika tena katikati ya pengo na kuonekana kama zimehamia. Kisha DMEM yenye seramu asilimia 0.5 tu, kwa sababu seramu nyingi huchochea mgawanyiko.

Picha: saa 0, 6, 12, 24. Eneo la pengo linapimwa kwa ImageJ, programu ya kompyuta ya kupima picha. Kufunga kwa asilimia ni eneo la mwanzo kutoa la sasa, gawa kwa la mwanzo, zidisha mara 100.

Saa ya 6, kwa darubini: seli za ukingoni zimelala bapa, zimetoa ulimi mwembamba unaong'aa kuelekea uwazi, na zilizo nyuma zinavutwa bila kuachana. Ni zulia linalokunjuka. Visima vyenye mitomaisini vinakwenda sambamba na visivyo nayo. Tofauti inajitokeza saa ya 24, visivyo na dawa vikitangulia. Kwa hiyo wanaoziba kwanza ni majirani wa jeraha. Uzazi wa seli unafuata kujaza safu.

Hilo linatosha kwa mchubuko wa juu. Kidonda cha tumbo chenyewe ni kitu kingine: kimepenya hadi chini ya msuli mwembamba wa utando, na seli hazina sakafu ya kutembelea. Lazima kwanza tishu changa yenye mishipa mipya ya damu ijae kutoka chini, ndipo utando upande juu yake na tezi zijengwe upya. Ndiyo maana dawa za kupunguza asidi hutolewa kwa wiki kadhaa ingawa maumivu huisha mapema. Sahani ya plastiki haionyeshi hayo, na matokeo haya yasivutwe hadi huko.

Sahani inayofuata: indomethasini (dawa ya maumivu) dhidi ya EGF (protini inayochochea seli kukua) nanogramu 10 kwa mililita. Indomethasini itayeyushwa kwenye DMSO, kiyeyushi cha maabara, hivyo kila kisima, hata cha kulinganishia, kitapata DMSO ile ile ya asilimia 0.1.